Ya Kusukuma, Si ya Kubonyeza

Kuna watu ambao ukiwatuma chumvi wanakuletea sukari, halafu wanakufundisha kwamba uji ni bora kuliko mchuzi. Kavoi alikuwa mmoja wao, na asubuhi ile hakuwa na kisingizio cha kutosikia. Alikuwa bado chumbani kwake, mtaa wa Kongo, Kawangware, akifunga kamba za viatu, binamu yake Urbanus alipompigia simu.

"Ile tochi imekufa. Betri zimevuja, zimekula shaba yote ya ndani. Pitia hapo steji ya 56 uchukue ingine. Ya plastiki, ndefu. Na swichi iwe ya kusukuma, pale ubavuni. Si ya kubonyeza. Umeskia?"

"Nimeskia, cuzo."

"Rudia."

"Ya kusukuma, si ya kubonyeza. Kwani mimi ni mtoto wa nasari?"

"Wa nasari huleta alichotumwa," Urbanus akasema, akakata simu.

Urbanus alikuwa fundi wa stima katika mtaa wa mabanda wa Laini Saba. Hakuwa na cheti wala magwanda ya kampuni. Alikuwa wa wale wanaovuta waya kwa wizi kutoka nguzo ya mbao na kuusambaza ploti nzima, chumba kwa chumba, na wapangaji wanamwita kwa heshima mpaka siku waya unapoungua.

Kazi hiyo ilitaka watu wawili. Kila mara Urbanus aliingia ndani ya ploti, kwenye korido isiyo na dirisha ambako hata saa sita ya mchana ni giza tupu, akapanda juu ya stuli, akaunga nyaya kwa mikono miwili huku tochi ameiuma kwa meno. Kavoi alibaki nje, juu ya ngazi, kwenye nguzo iliyo mdomoni mwa kichochoro, ameshika ncha ya waya kwa kipande cha mpira. Kuitana hakukuwezekana. Chini ya nguzo ile mafundi wa jua kali walikata vyuma kutwa, na grainda zao zilimeza kila sauti. Simu nayo inataka mkono, na mikono ya Urbanus ilikuwa kazini. Basi walizungumza kwa mwanga. Kutoka kwenye ngazi Kavoi aliona uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa la ploti. Mwanga ukiwapo, Urbanus ana waya mikononi, usiguse kitu. Mwanga ukizimika, amemaliza na ameshuka, unganisha. Uhai wa Urbanus ulikuwa umefungwa kwenye mwanga huo, na wote wawili walijua.

Kavoi hakupenda ngazi. Alikuwa na umri wa kuoa, alikuwa na nguvu, na kila mara alipoomba aingie ndani, Urbanus alimjibu, "Mkono wako bado una haraka." Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kawangware 56 ilikuwa imeshachangamka. Kibanda cha Shivachi, muuza tochi na chaja, kilikuwa kati ya saluni na duka la misumari, na tochi zilining'inia hapo kwa mafungu kama ndizi.

"Niaje, boss! Ya kazi ama ya kutafutia bibi?"

"Ya kazi. Ya stima."

Shivachi akachomoa ya plastiki, ndefu, ya kijani, yenye swichi ya kusukuma ubavuni. Kavoi akaiwasha, akaielekeza kiganjani. Mwanga ulitoka wa manjano, umechoka kabla ya kuanza.

"Hii hata mende hawezi kuikimbia."

"Hiyo ndiyo mafundi huchukua."

"Mafundi wa enzi gani?"

"Sawa, mheshimiwa. Shika hii basi, ya vijana." Akamwekea kiganjani tochi nyeusi ya chuma, nene kama kidole gumba na ndefu kupita kidogo tu, yenye kibanio cha mfukoni. "LED hiyo. Inachajiwa na waya wa simu. Mvua haiingii. Na ikikuponyoka, ihurumie sakafu."

Kavoi akaigeuza. "Swichi iko matakoni?"

"Kwani yako iko wapi?"

Wanawake wa saluni wakaangua kicheko. Kavoi naye akacheka, akabonyeza. Mwanga mweupe ulivuka barabara katikati ya jua, ukatua kwenye kibao cha duka la ng'ambo, na kibao kikameremeta kama bati jipya.

"Inabonyezeka kirahisi hivi?"

"Hata kwa pua," Shivachi akasema kwa fahari.

Hapo Kavoi alifikiri, na kusema kweli hakufikiri upumbavu. Ile tochi ya zamani ilimtesa. Mara nyingi juu ya ngazi, jua likiwa machoni, alishindwa kujua kama mwanga upo au haupo, akalazimika kukinga macho kwa mkono na kungoja. Hii angeiona hata akiwa amesinzia. Urbanus angekuwa salama zaidi, na kwa mara ya kwanza angekubali kwamba Kavoi ana akili. Ndivyo alivyojiambia. Lakini ukweli nusu ni mzigo wa upande mmoja: humwangusha punda. Akairudisha ya kijani, akalipia ile ndogo, akaibana mfukoni, na njia nzima mpaka Laini Saba mkono wake ulikuwa ukiipapasa.

Alikuta ploti imechafuka. Waya ulikuwa umeungua kwa mvua ya juzi, na Risper, mama wa Kiluo mwenye friza ya samaki chumba cha mwisho, alikuwa amemsimamia Urbanus mlangoni, mikono kiunoni.

"Urbanus, samaki wangu wameanza kuniongelesha! Leo ukiniambia ngoja, nitakupikia hao hao."

"Mama, tochi ndiyo hii imefika," Urbanus akasema. Akanyoosha mkono, akapokea, akaitazama. Uso ukabadilika. "Hii ni nini?"

"Tochi."

"Nilikutuma nini?"

"Cuzo, ile ya kusukuma ni ya kutafutia mbuzi kule Kitui. Washa hiyo uone. Utaona hadi dhambi zako."

"Nilikutuma nini, Kavoi?"

"Baba, tochi ni tochi!" Risper akadakia. "Kama inawaka, ingia!"

Wapangaji wengine walikuwa wamejikusanya. Urbanus aliwatazama, akatazama korido, akaiweka ile tochi mdomoni kujaribu. Ile ya zamani aliiuma katikati, mkia wake ukatokeza pembeni mwa shavu. Hii haikuwa na katikati. Ili meno yaishike vizuri ilibidi iingie ndani, kitako kikagusa ulimi. Akaitema, akaipangusa kwa shati.

"Jioni utairudisha ulikoitoa," akasema, akaingia.

Kavoi akapanda ngazi. Punde mwanga ukatokea kwenye ule uwazi chini ya paa, mweupe, mkali, kama mtu amefungua dirisha ambalo halijawahi kuwapo. Kavoi akatabasamu peke yake. Grainda zililia chini yake, cheche zikaruka, na yeye akautazama mwanga wake kama mtu anayemtazama mwanawe akisoma mbele ya kanisa.

Halafu ukazimika.

Ilikuwa mapema mno. Kavoi alilijua hilo, na mkono wenye waya ukasita hewani. Kwa kawaida angekuwa amebadilisha mguu wa kusimamia mara kadhaa kabla ya giza kuingia. Lakini wazo lilikuja limevaa vizuri, na yeye akalifungulia mlango: ndiyo hiyo faida ya tochi nzuri, mtu anaona anachofanya, kazi inaenda haraka. Leo Urbanus atasema mwenyewe.

Akaunganisha.

Kelele ikapanda kutoka ndani ya ploti, kubwa kiasi cha kuvuka grainda. Laini Saba stima ikirudi watu hupiga kelele, watoto kwa wakubwa, na fundi aliye juu ya nguzo huinua mkono kama mgombea aliyeshinda. Kavoi akainua mkono. Kelele ikazidi. Akaendelea kuupunga, anacheka, mpaka Risper alipotoka mbio mdomoni mwa korido, leso imemfunguka, mikono yote miwili kichwani.

Ndipo akaung'oa waya.

Alipofika ndani, mtu alikuwa ameshampiga Urbanus kwa ubao mkavu ili aachane na waya, na kumwangusha kutoka kwenye stuli. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi, kifua kikipanda na kushuka vibaya, na mikono ilikuwa mbele yake kama si yake. Korido ilinuka nyama iliyoungua. Kila mmoja aliziba pua. Walimbeba kwa mkokoteni wa maji hadi barabarani.

Hospitalini, Nduku, mke wa Urbanus, alisema mumewe ameungua akipiga pasi. Nesi wa mapokezi alikuwa ameshaona wengi kutoka Laini Saba. Hakuuliza ni pasi gani inayochoma mikono miwili kwa pamoja. Madaktari waliukata mkono wa kulia juu ya kifundo. Wa kushoto waliuachia kiganja na kidole gumba.

Kavoi hakwenda kumwona mpaka Nduku alipomwita. Alifika saa ya wageni, mchana, akakuta wodi imejaa, Nduku ameketi ukingoni mwa kitanda akimlisha Urbanus wali na maharagwe kwa kijiko.

"Cuzo," Kavoi akasema. "Mwanga ulizima."

"Niliuzima mimi," Urbanus akasema. Sauti ilikuwa yake ile ile, ya kuamuru. "Waya ulikaza, nikauma meno nikivuta, ulimi ukasukuma kile kitako. Nikawa nakibonyeza tena kwa ulimi kiwake. Ungengoja kidogo tu." Akameza. "Uliona ni mapema?"

Kavoi angeweza kusema hapana. Hakuna shahidi wa kilicho kichwani mwa mtu juu ya ngazi.

"Niliona."

"Ukafikiria nini?"

"Nilifikiria tochi ni kali, umemaliza haraka."

Kijiko cha Nduku kilisimama njiani. Kisha akaendelea kulisha.

"Nilikuambia urudie," Urbanus akasema. "Ukarudia. Sikukuambia kwa nini. Nilijua nikikufundisha kila kitu, mwezi ujao ungekuwa ndani ya ploti zangu na mimi juu ya ngazi." Akafumba macho. "Sasa zote zako."

Simu ya Nduku ikalia. Ilikuwa Risper. Sauti yake ilisikika hata bila spika: pole kwa mgonjwa, wanamwombea kila jioni, na je, ile stima?

"Mwambie Kavoi anakuja," Urbanus akasema.

"Siendi," Kavoi akasema. "Cuzo, siwezi."

"Si ulikuwa unataka kuingia? Ingia. Ama watoto wangu watakula hiyo huruma yako?"

Nduku akainuka kwenda kumalizia simu dirishani, akaliacha bakuli juu ya blanketi. Kavoi alisimama hapo, mikono yake mizima ikining'inia, hajui aiweke wapi. Mwishowe akaketi mahali pa Nduku, akachota wali kidogo na maharagwe, akakipeleka kijiko polepole, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao katika kazi yoyote.

Urbanus akafunga mdomo. Akageuza uso ukutani, akangoja mkewe arudi.