Vidole vya Povu Jema

Usiku wa kuamkia Ijumaa, zikiwa zimebaki siku sita watu wa kata ya Kwemlasi wapige kura, usingizi ulimchukua Mwalimu Siwatu Lukindo na kumkabidhi kazi. Yeye mwenyewe hasemi kwamba aliota. Anasema alipangiwa zamu.

Siwatu ni mwalimu wa darasa la sita, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Amefundisha shule ya msingi ya pale miaka ishirini na minane, na karibu kila mtu mzima wa Kwemlasi amewahi kusimama mbele ya ubao wake akitafuta jibu lisilopatikana. Wiki ile alikuwa na donge moyoni. Kiwanda cha sabuni cha Povu Jema kilikuwa kimekiomba kiwanja cha michezo cha shule kiwe maegesho ya malori yake, na uamuzi ulimngoja diwani mpya.

Wagombea walikuwa watatu. Siwatu alimwendea mmoja mmoja kumwomba akitetee kiwanja. Wote walimpokea vizuri, wote walimpa soda, na wote walikuwa na fulana mpya za kampeni zenye harufu moja, ya sabuni ya mlimao.

"Ni mchango tu, mwalimu," alimwambia Shekiondo, mgombea kijana kuliko wenzake, ambaye naye alipita darasa la sita mikononi mwake. "Kampuni imetuunga mkono sote watatu. Haina ubaguzi."

Siwatu alilala na neno hilo kifuani.

Katika ndoto ni asubuhi, jua limeshapanda. Ameketi darasani kwake, ambako sasa ni kituo cha kupigia kura. Mezani pana sanduku la kura, kichupa cha wino na kitabu cha kanuni. Kitabu kinakohoa.

"Vumbi," kitabu kinaeleza. "Hakuna aliyenifungua hadharani tangu nichapwe."

"Pole."

"Nimeshazoea. Mwite wa kwanza."

Wa kwanza anaingia, na mlango unalazimika kujitanua. Ni Povu Jema yenyewe. Si mkurugenzi wake wala meneja wake, ni kampuni. Ina kifua cha mabati, bomba la moshi limekaa upande kichwani kama kofia ya mtu anayekwenda harusini, na mahali pa mdomo pana geti la chuma. Imevaa tai. Watu walio nyuma yake hawashangai, kwa kuwa imepanga foleni tangu alfajiri kama wao, na haikumsukuma mtu.

"Nimekuja kupiga kura," inasema kampuni, geti likifunguka na kujifunga.

Siwatu anakigeukia kitabu. "Inaruhusiwa?"

"Kampuni ni mtu," kitabu kinajibu kwa unyonge. "Mtu wa kisheria. Si mimi niliyeandika, mimi nimeandikwa. Lakini mtu ana taratibu zake. Endelea."

Siwatu anachukua kalamu. Kama ni mtu, basi ni mtu.

"Jina?"

"Povu Jema na Wenzake."

"Wenzako wako wapi?"

"Hawapendi kutajwa."

"Baba?"

"Benki."

"Mama?"

"Benki nyingine."

"Unalala wapi?"

"Silali. Nina zamu tatu."

Siwatu anaandika: *halali*. Kitabu kinachungulia. "Halali ya usingizi, au halali ya sheria?"

"Ya usingizi," anasema Siwatu. "Ya sheria bado tunaitafuta. Lete kidole kichovywe wino."

Kampuni inanyanyua mikono yote miwili. Ni mikono mirefu, safi kuliko mikono yoyote aliyowahi kuiona. Haina kidole hata kimoja. Imeishia kwenye viganja laini, mviringo, kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima.

"Vidole viko wapi?"

"Nimevichangia," inasema kampuni. "Wagombea walikuja na kamati zao za kampeni, wakaniomba niwaunge mkono. Nikawaunga."

"Bila kidole hakuna kura," kitabu kinasema. "Hicho ni kifungu cha kwanza kabisa, hata asiyesoma anakijua."

Kampuni inafikiri. Mashine zinasikika zikizunguka tumboni mwake. Kisha inainama mpaka bomba linagusa meza, na sauti yake inakuwa ya upole, sauti ya mtu anayekuja kuposa.

"Mwalimu, wewe unavyo kumi. Niazime kimoja. Nitakujengea maktaba."

Hapo Siwatu anaweka kalamu chini. Maktaba ameiomba miaka kumi na minne, kwa barua, kwa vikao, kwa machozi mara moja. Anaiona sasa hivi dirishani, imeshasimama, ina mapazia. Watoto wake wamekaa ndani wanasoma, na mmoja ananyoosha mkono kuuliza swali. Moyo unamuuma. Anakitazama kidole chake cha shahada, kile chenye weupe wa chaki usiotoka hata siku ya Idi.

"Hiki ndicho ninachoandikia," anasema. "Kikija kwako, mimi nitaandika nini ubaoni?"

"Nitakachopenda," inajibu kampuni kwa heshima, kwani ndotoni kampuni haiwezi kusema uongo.

Mapazia ya maktaba yanajifunga. Siwatu anasimama, anakichukua kitabu, anakitia kwapani.

"Kaa pembeni. Vidole vyako nitavifuata mwenyewe."

Anatoka mlangoni na kujikuta ndani ya beseni kubwa la kufulia. Humo kamati ya kampeni inafanya kikao. Kamati ni kiumbe kimoja chenye midomo kumi na miwili na sikio moja, na sikio lenyewe limepumzika. Wagombea wote watatu wameketi mbele yake, maji ya sabuni yakiwafika kiunoni.

Vidole anaviona mara moja. Wa kwanza anavyo vitatu begani, vinamgeuza huku na huku. Wa pili anavyo vitatu mgongoni, vinamsukuma. Shekiondo ndiye aliyependelewa, anavyo vinne: kimoja kila bega, kimoja chini ya kidevu kinachomnyanyua uso aonekane ana matumaini, na cha nne kimelala juu ya ulimi wake.

"Shikamoo, mwalimu," anasema Shekiondo, kwa shida.

"Marahaba. Nimekuja kuchukua vidole vya wenyewe."

"Havitoki. Nimejaribu. Hiki cha ulimini ndicho kibaya, kinanigeuzia maneno."

"Sema kiwanja."

"Kiwanda," anasema Shekiondo. Tone la povu linamtoka mdomoni, linapanda juu, linapasuka.

"Rudia. Kiwanja."

"Kiwanda." Machozi yanamlengalenga. "Unaona, mwalimu?"

"Msimamo wetu ni huohuo," inasema midomo kumi na miwili.

Kitabu kinamfinya Siwatu kwapani. "Ukurasa wa mia na nne," kinanong'ona. "Maandishi madogo."

Siwatu anaufungua. Maandishi ni madogo kiasi kwamba yanatoka ukurasani kwa miguu, mstari mrefu kama siafu, na kupanda mkononi mwake mpaka sikioni. Hapo yanasema yote kwa pamoja: *mchango hushika gizani, ukitajwa mbele ya watu, huachia.*

"Na hakuna aliyewahi kusoma hapa?" anauliza Siwatu.

"Wengi," kitabu kinasema. "Kimya kimya."

Siwatu anang'oa kizibo cha beseni.

Maji yanakwenda na kikao, midomo kumi na miwili ikiomba taarifa, na chini ya maji ndipo kilipo kiwanja cha shule. Foleni nzima ya wapiga kura imekizunguka. Wamo mama lishe, wamo waendesha bodaboda, wamo wanafunzi wake wa zamani wenye mvi. Katikati ya duara la chokaa pana dawati.

"Shekiondo. Panda, usimame."

"Mwalimu, watanicheka."

"Wakucheke. Hata hesabu za sehemu walikucheka, na siku hizi unazijua. Simama, utaje."

Shekiondo anapanda dawatini. Anatazama watu. Anaanza kwa sauti ya chini.

"Fulana mia tatu. Nilipewa na Povu Jema."

Papo hapo fulana vifuani mwa watu zinaitika, "Nipo!" kama wanafunzi wanaoitwa majina asubuhi. Kidole cha bega la kulia kinalegea na kudondoka kama jino la utotoni.

"Gari la matangazo. Povu Jema."

"Nipo!" linaitika gari kutoka nyuma ya choo cha shule, lilikokuwa limejificha. Kidole cha pili kinaanguka.

"Pilau ya Jumamosi ile."

Matumbo kadhaa katika umati yanaitika kwa aibu. Kidole cha kidevuni kinaachia, na uso wa Shekiondo unashuka, unakuwa uso wa kawaida, umechoka kidogo, na watu wengi wanautambua kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze.

Kimebaki cha ulimini. Kinajikunja, kinashikilia.

"Na hicho ulipewa ili useme nini?" anauliza Siwatu.

Shekiondo anatikisa kichwa. Jasho linamtiririka. Hata gari linazima injini.

"Hikupewa nikisema," anajaribu, ulimi ukipinda. Anafumba macho, anajikaza, anaanza upya. "Sikupewa ili niseme. Nilipewa ili nisiseme."

"Usiseme nini, mwanangu?"

Mishipa ya shingo inamtoka. Anavuta pumzi ya mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"KIWANJA!"

Kidole kinaruka kama kizibo cha chupa, kinapita juu ya vichwa vya watu, kinaingia golini. Vigelegele vinalipuka. Mama lishe wanapiga miiko kwenye masufuria, wazee wanakumbatiana, na magoli mawili, ambayo yametazamana kwa mbali miaka yote, yanatembea mpaka katikati na kupeana mikono. Wagombea wengine wawili hawangoji kuitwa. Wanapanda madawati yao wenyewe na kutaja kwa kupokezana, na vidole vinaanguka pu, pu, pu, hadi cha mwisho.

Siwatu anaviokota vyote kumi ndani ya kopo la chaki na kuipelekea kampuni. Kampuni inavivaa kimoja kimoja kama pete. Halafu inachovya cha shahada kwenye wino.

Wino unateleza na kudondoka wote. Inachovya tena, unateleza tena. Kidole kinatoka cheupe na kunukia mlimao.

"Wino haushiki sabuni," kitabu kinasema, na safari hii hakikohoi. "Asiyeshika wino hapigi kura. Anaweza kusimama kando akatazama, kama mgeni."

Kampuni inasimama na mikono yake mizima, haijui iiweke wapi.

"Kwa hiyo mimi si mtu," inasema. Kisha inasoma beji kifuani pa Siwatu na kupata tumaini. "Lakini na wewe unaitwa Siwatu. Basi tumefanana."

"Mama aliniita hivyo akiwasema majirani waliomcheka," anajibu Siwatu. "Kwangu ni jina. Kwako ni tabia. Nenda nyumbani, una eneo kubwa nyuma ya ghala, yalaze malori yako huko."

Kampuni inaivua kofia yake ya bomba, inaondoka. Kila hatua inapungua. Inapofika barabarani ni ndogo kama kibanda cha kuuzia vocha, na watoto wameshaingia kiwanjani na mpira. Siwatu anasimama pembeni, mikono kiunoni, vumbi la mchezo likimpanda miguuni, na furaha inamjaa mpaka anahisi miwani inapanda puani. Anacheka peke yake. Anacheka kwa sauti.

"Mwalimu," inaita sauti nyuma yake. Ni Shekiondo. Watu wote wameshatawanyika, yeye bado yuko juu ya dawati. "Nishuke?"

"Umetaja, lakini hujarudisha," Siwatu anamwambia. "Gari bado liko nyuma ya choo. Simama hapo hadi urudishe."

Alikuwa bado anamnyooshea kidole alipozinduka kitandani. Kulikuwa kumekucha. Mumewe, Bwana Sempombe, fundi redio, mtu asiyependa makuu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimtazama.

"Umecheka tangu saa kumi," alisema. "Nikadhani nimefanya jambo."

"Nilikuwa kazini," Siwatu alimjibu.

Akajinyoosha kuchukua simu aangalie ni saa ngapi. Palikuwa na ujumbe kutoka namba asiyoijua. Akavaa miwani, akasoma:

*Shikamoo mwalimu. Ni mimi Shekiondo. Namba nimepewa na mwalimu mkuu. Gari la matangazo nimelirudisha kiwandani alfajiri hii, na fulana tumeanza kuzikusanya. Leo jioni kwenye mkutano nitasema kiwanja ni cha watoto, na wenzangu wawili wamenipigia wanasema vivyo hivyo. Naomba sasa nishuke, miguu inaniuma sana.*

Siwatu aliusoma mara mbili. Akatafakari kidogo, kama anavyofanya kabla ya kutoa alama. Kisha akaandika neno moja, akatuma, akaenda zake kunawa uso.

*Shuka.*