Mashine ya Samaki ya Gaudensi

Neno "mwizi" lilimfikia Viktor kabla ya chai. Frida, mkewe, alirudi nalo kutoka bombani pamoja na ndoo ya maji. Jana mchana, hotelini kwake, mbele ya wateja, Gaudensi alikuwa amesema kwamba fundi wake kachomoa kitu ndani ya mashine ya samaki akakiuza, ndiyo maana inapiga kelele.

"Jumuiya nzima wameshasikia," Frida alisema, akaitua ndoo kwa kishindo. "Jumapili utasimama kwenye kwaya uimbe nini?"

Viktor aliipanda baiskeli na hasira zake, akatoka Katindiuka hadi mjini bila kumsalimu mtu njiani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Mashine yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu. Gaudensi alikuwa amenunua kasha la kioo kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago Dar es Salaam, pamoja na samaki wekundu wasioliwa, akaliweka ukutani hotelini kwake, jirani na meza yake mwenyewe. Ifakara nzima hakukuwa na kitu kama kile. Watu walikuja kunywa chai waone samaki waliolazwa ndani ya nyumba kama wagonjwa. Chini ya kasha kulikaa pipa dogo la plastiki lenye mipira miwili: mmoja unavuta maji machafu, yanapita kwenye sponji, na mwingine unayarudisha yakiwa safi. Juu ya pipa, ndani ya kifuniko, kuna feni ndogo kama kizibo cha chupa. Hiyo ndiyo inayosukuma maji, na hiyo ndiyo ilikuwa ikinguruma kama kinu cha kukoboa mpunga kilichomeza mawe.

Na Viktor alikuwa amehangaika nayo, Mungu anajua. Alilisawazisha pipa kwa kipande cha ndala. Alinyoosha mipira isijikunje. Alipaka mafuta ya mgando kwenye mpira wa kifuniko usiingize hewa. Umeme ukikatika na kurudi, alilala kifudifudi akaliinamisha pipa huku na huku mpaka mapovu yatoke. Kelele ilinyamaza, wateja wakasema ahsante fundi, kisha baada ya siku chache ikarudi palepale. Kila alipofungua alikuta tope jeusi linalonuka, akaosha sponji, akafunga. Samaki wanakunya, alijiambia, utafanyaje.

Kazi hiyo aliifanya mara nyingi saa ya chakula cha mchana, maana ndipo mwenye hoteli alipokuwa na nafasi ya kulalamika. Viktor akiwa chini, nusu yake imeingia chini ya meza, Gaudensi alikaa juu na sahani yake. Harufu ya wali ilimshukia fundi hadi mate yakamjaa. Alimsikia mzee akisema, "Karibuni, karibuni," akadhani anakaribisha wateja. Wafanyakazi wa pale walikula ukoko jikoni, wamesimama.

Siku hiyo alipofika na baiskeli, alikuta mashine inanguruma, na Gaudensi yuko kwenye meza yake. Mayunga, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa amepanga chumba cha uani, alikuwa akinywa supu huku ameziba sikio moja.

"Shikamoo, mzee," Viktor alisema. Hata hasira zina adabu zake.

"Marahaba. Umekirudisha?"

"Nirudishe nini?"

"Ulichochomoa. Mashine haiwezi kulia hivi kama haijapungukiwa kitu."

Viktor alihisi masikio yanawaka. Alichomoa waya ukutani, akafunga mipira, akalibeba pipa lote na kulitua katikati ya ukumbi, juu ya meza tupu. "Basi leo nafungua mbele yako," alisema. "Na nyote mtazame. Nikikosa hata skrubu moja, niiteni hilo jina na watoto wangu waje kulirithi."

Merina mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mayunga alisogeza kiti.

Viktor alifungua vibano, akainua kifuniko. Alichomoa feni, akamwonyesha Gaudensi: sumaku yake ipo, kijiti chake kipo, mabawa yake yote yapo. "Umeona?" Gaudensi alitazama pembeni. Viktor akatoa sponji moja baada ya nyingine. Alikuwa ameziosha juzi tu, kwa hiyo safari hii tope lilikuwa halijaiva. Chini kabisa kulikuwa na bonge jeupe linalotoa povu, na harufu iliyopanda ilikuwa ya pombe changa. Alilichota kwa vidole. Punje zilionekana wazi, ndefu, zimevimba.

"Huu ni wali," Mayunga alisema.

"Ni wali," Viktor alisema. "Unaziba sponji, maji hayapandi. Unachacha, unatoa hewa, hewa inapanda kwenye feni. Mashine inalia kwa sababu inasukuma hewa. Hakuna kilichotoka humu, mzee. Kuna mtu anaingiza."

Gaudensi alimgeukia mpishi. "Merina, unamwaga makombo yangu kwenye kioo?"

"Mimi?" Merina alisema. "Makombo gani, na sisi tunakwangua sufuria?"

"Basi ni wateja. Washenzi hawa. Nitaandika tangazo. Na wewe, Merina, nikikukuta karibu na kile kioo utaondoka siku hiyohiyo. Niletee chakula, kichwa kinaniuma."

Viktor aliosha kila kitu uani. Alirudisha pipa mahali pake, akalijaza maji, akaliinamisha hadi povu la mwisho likatoka, akachomeka waya. Feni ikazunguka. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba kijiko cha Mayunga kilisikika kikigusa bakuli.

Merina alileta sahani: wali mweupe na samaki wa mtoni, kitoga, wa mchuzi. Gaudensi alinawa, bado akifoka kuhusu watu wasio na ustaarabu. Samaki wekundu walikuwa wamejipanga kwenye kioo, midomo inafunguka na kufungika, wanamtazama. Na mtu wa Ifakara hawezi kula huku anatazamwa bila kukaribisha. Mkono wake ulimega tonge dogo, ukapita juu ya kioo, ukaachia. "Karibuni," Gaudensi alisema, hajui hata kama amesema, kisha akamega tonge lake mwenyewe.

Halikufika mdomoni. Alikuwa ameona namna ukumbi mzima unavyomtazama. Ndani ya kioo punje zilizoachwa na samaki zilikuwa zikishuka polepole kuelekea kwenye mpira wa kuvuta maji.

"Ah," alisema. Akacheka kidogo, peke yake. "Basi, fundi, yamekwisha. Mashine imepona."

"Hayajaisha," Viktor alisema. "Sema mimi si mwizi."

Gaudensi alinong'ona kitu kwenye sahani.

"Kwa sauti. Jana ulisema mashine ikinguruma, na bado watu walisikia. Leo nimekunyamazishia."

Mayunga aliweka kijiko chini. Gaudensi alimtazama yeye, akamtazama Merina, akakosa pa kuweka macho.

"Viktor hakuiba kitu," alisema. "Ni mimi."

Kisha, kama mtu anayetafuta pa kushika, aliisukuma sahani hadi katikati ya meza. "Njoo tule, fundi. Karibu."

Viktor alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Alimtazama yule kitoga, kisha samaki wekundu waliokuwa bado wanatafuna.

"Mzee, hao umewakaribisha kila siku," alisema. "Mimi nilikuwa hapo chini ya meza yako."

Alikusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa.

"Ahsante," alisema. "Nimeshiba."