Mguu wa Bruna

Angejisifu jikoni kwake, nani angejua? Lakini Otilia Fässler alijisifu mbele za watu, kwenye maonyesho ya mafundi pale Appenzell, ameinua mkanda mpana wa kengele ya ng'ombe. Kwenye ngozi alikuwa amechonga ng'ombe ambaye mguu wake wa nyuma umepinda, kama anayetaka kulala akaghairi.

"Wengine hugongomea ng'ombe wa shaba," alisema. "Mimi huchonga ngozi yenyewe. Na huu mguu ndio mkono wangu. Ulinijia wenyewe tu. Mkiuona popote, mjue ni Otilia."

Mzee Wendelin Manser, aliyemfundisha kazi hadi akamwachia karakana, alikaa mstari wa mbele. Alipiga makofi kuliko wote.

Mwezi uliofuata Emil Inauen alikabidhiwa mifugo na baba yake, akamwagiza Otilia mkanda wa kengele kubwa, ile ambayo ng'ombe wake Lusti angevaa siku ya kupandisha mifugo mlimani kwenye malisho ya kiangazi. Kwa mfugaji wa kwetu siku hiyo inashinda harusi. Harusini watu hutazama na kula. Siku ya ng'ombe hutazama tu, tena kwa macho makali. Emil alikuja kuuchukua pamoja na mama yake, Kolumba, kikongwe ambaye ulimi wake uligoma kuzeeka.

Kolumba alivaa miwani, akausogeza mkanda dirishani. "Kumbe Bruna hajafa," akasema.

"Bruna gani, mama?" Otilia aliuliza.

"Bruna wa Wendelin. Alianguka korongoni, mguu ukaunga vibaya, na Wendelin akakataa katakata kumchinja. Wewe ulikuwa bado kwenu, ng'ambo ya bonde. Huyo ndiye ng'ombe pekee ambaye mzee aliwahi kumchonga. Umekaa naye miaka yote hiyo hukumuuliza mguu una nini?"

"Mama, yaishe," Emil alisema.

"Yaishe nini? Miaka yote tumepandisha ng'ombe wazima na kiwete shingoni, tukanyamaza kwa heshima ya mzee. Yeye, ng'ombe ni wake, ana haki. Lakini huyu binti kasimama pale akasema mguu umemjia wenyewe."

Emil alikuwa mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Kazi ni nzuri, fundi. Ila mimi nilimtaka Lusti."

Walipoondoka, mkanda wameuacha mezani, Otilia alikaa chini. Ukumbi mzima wa maonyesho ulijua. Wale waliotabasamu siku ile, yeye akadhani wanamhusudu, walikuwa wanamwonea huruma. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke.

Alimkuta Wendelin akimenya viazi. Hakuketi.

"Mzee, mbona hukuniambia habari za Bruna?"

Wendelin aliendelea kumenya. "Ungeuliza ningekwambia. Mwanzoni nilidhani unajua."

"Na siku ile ulipiga makofi."

"Nilifurahi. Nilijisemea, nikifa mimi, Bruna ataendelea kupanda mlima." Akamtazama kidogo. "Nilimpenda sana yule ng'ombe, Otilia."

Afadhali angemtukana. Otilia alikuwa amekuja na hasira mkononi, sasa hakuwa na pa kuiweka. Alitoa mfukoni karatasi ngumu ya kiolezo, aliyoikata mwenyewe zamani, macho yakiwa yamejaa mikanda ya mzee, ile aliyokuwa akiilaza juu ya ngozi kila anapochora, akaiweka mezani kando ya maganda. "Ng'ombe ni wako," alisema. "Nisamehe." Akatoka kabla hajajibiwa.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la Emil, akaomba kigoda. Lusti hakuwa mrembo: pembe moja imeshuka hadi karibu na jicho, tumbo kama gunia. Otilia alichora, akafuta, akachora tena. Bila kiolezo mkono wake ulikuwa wa mtoto wa shule. Kolumba alipita na ndoo, akachungulia, akasema, "Huyo ni mbuzi." Otilia aliinamisha kichwa akaendelea. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, hadi Lusti akamzoea.

Siku ya kupanda ilipofika, mkanda mpya ulikuwa tayari, lakini hakuugonga muhuri wa jina lake. Alisimama nyuma ya watu, kando ya njia. Emil alipita na suruali yake ya njano, ile wafugaji huivaa siku hiyo, akaisimamisha mifugo mahali Wendelin alipokuwa ameegemea uzio. Macho ya mzee hayakuwa na nguvu tena, kwa hiyo alinyoosha mkono akaupapasa mkanda taratibu.

"Pembe imeshuka," alisema. "Huyu ni Lusti." Vidole vikateremka. "Otilia yuko wapi?"

Watu walimpisha. Ikabidi aje.

"Sijaona jina lako."

"Naona aibu, mzee. Nilishalitaja mno siku ile."

Wendelin hakubisha. Alirudisha vidole kwenye ngozi. "Na mguu wa nyuma umeukosea. Mfupi, mnene, hauna goti."

"Najua. Nilijaribu mara nyingi. Haunitoki vingine." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila mtu alikuwa akisikiliza.

"Hata Bruna hakuwa na mguu kama huu," Wendelin alisema. "Wala mimi sijawahi kuuchonga. Huo sasa ni wako."

Emil aliwaswaga ng'ombe, kengele ikalia. Otilia alibaki pale na uso unaomchoma, akimtazama Lusti akipanda mlima.