Fundi Alipoacha Kanisa

Jumapili moja asubuhi Fundi alilipiga pasi shati lake jeupe kama kawaida, akalitazama, akalirudisha kabatini.

"Mwalimu," alimwambia mkewe, "mimi leo siendi. Wala sidhani kama nitakwenda tena."

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, viatu mguuni, Kitabu cha Mormoni kwapani. Alidhani ni uchovu tu. Wiki ile mumewe alikuwa amechomelea mageti manne ya shule, na macho yalikuwa mekundu kwa moto wa kazi. Akamwambia apumzike, akaenda peke yake. Jumapili ya pili shati halikutoka kabatini kabisa. Ya tatu, hakumwuliza.

Kwa miaka kumi na miwili walikuwa wamekaa bega kwa bega, safu ya tatu kutoka mbele, tangu mwaka waliooana, mwaka ambao Fundi pia alibatizwa. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, akajifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake. Mkewe alifundisha habari za miamba chuo kikuu na alikuwa na shahada ya uzamivu. Fundi alimwita Mwalimu tangu siku za uchumba, mwanzoni kwa utani, kisha utani ukaisha jina likabaki.

Kanisani habari haikuchelewa. Tawi lao lilikuwa dogo, watu sabini hivi, na hakuna aliyeweza kukosekana bila kuonekana. Wakajumlisha mbili na mbili: mke kasoma mno, mume kaacha kanisa, basi mke ndiye aliyempoteza. Dada wawili wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake kanisani, walikuja kumtembelea, wakakaa ukingoni mwa kochi na kuangalia rafu za vitabu kama watu waliooneshwa nyoka.

"Dada Profesa," mkubwa wao alisema, "tusikufiche. Vitabu hivi mumeo alikuwa anavisoma?"

"Mimi siyo profesa, dada yangu. Na Fundi hasomi hata gazeti."

"Lakini mnaongea."

 Dada yule akamshika Mwalimu mkono kwa upole uliomuuma kuliko lawama.

Rais wa tawi, kinyozi mtaratibu ambaye hata kuuliza jina lako aliuliza polepole, alimwita ofisini baada ya ibada ya sakramenti. Hakumlaumu. Alimwomba tu apumzike kidogo kufundisha darasa la watu wazima la Jumapili, mpaka mambo yatulie nyumbani. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alipotoka nje alikuta uwanja mtupu, watu wameshaondoka na familia zao.

Chuoni nako hakukuwa na nafuu. Wenzake walikunywa chai saa nne, yeye akanywa maji ya moto, maana kanisa lake linakataza chai, na kila mara alikuwepo mmoja wa kumchokoza. "Wewe unayeyahesabia mawe umri wa mamilioni ya miaka," mwalimu wa fizikia alipenda kusema, "ukifika kanisani akili unaiacha kwa nani?" Wengine walicheka. Naye alicheka kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye sampuli zake. Kanisani waliona kasoma mno asiweze kubaki, chuoni waliona kabaki mno asiweze kuwa msomi. Kote kuwili alikuwa mgeni.

Na moyoni alikuwa na lake, ambalo hakumwambia mtu. Miaka mitatu nyuma alisoma makala ndefu juu ya historia ya kanisa, mambo ya waanzilishi ambayo hakufundishwa alipobatizwa. Yalimsumbua, akamsimulia Fundi wakiwa wanakunja nguo. Mwenyewe aliyameza, akaendelea na kanisa. Aliamini kwamba Fundi ndiye aliyekabwa nayo. Kwa hiyo dada wale walipomtazama vile, aliona wana haki.

Miezi minane ilipita. Ndipo akaja mwanafunzi wa shahada ya uzamili, msichana mwenye kinasa sauti na rundo la hojaji. Alikuwa anachunguza kama akili na elimu humfanya mtu adumu katika dini au aiache, naye alikuwa amechagua Wamormoni kwa sababu, alisema bila kificho, walikuwa wachache na rahisi kuhesabika.

Swali la tisa lilimshinda Mwalimu. Elimu yako imeongeza imani yako, imeipunguza, au haikuigusa? Aliishika kalamu muda mrefu, akaiacha nafasi wazi.

"Nahitaji na walioacha," msichana alisema. "Hao ndio hawapatikani."

"Mmoja anapatikana," Mwalimu alimjibu. "Naishi naye."

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Fundi alizima mashine, akavua glavu, akamfutia mgeni stuli. Alijibu maswali bila haraka. Darasa la saba. Miaka kumi na miwili. Hapana, hakuna aliyemkosea.

"Ulisoma kitu kikakutia shaka?" msichana aliuliza. "Au ulisimuliwa?"

Mwalimu, aliyesimama mlangoni, aliangalia chini.

"Mke wangu aliwahi kunisimulia mambo ya zamani," Fundi alisema. "Hayo hayakunisumbua. Watu wa zamani walikuwa watu. Mimi niliomba, mwanangu. Waliniambia niombe nitajibiwa, nitasikia moyoni. Nikaomba. Miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni. Sikusikia kitu. Na kila mwezi nasimama mbele ya watu nasema najua kanisa hili ni la kweli. Sasa mimi ni fundi. Siwezi kumwambia mteja chuma kimeshika na mimi naona hakijashika. Nikachoka kusema uongo, basi."

Msichana aliandika. Kisha akageuka mlangoni. "Na wewe, Daktari? Wewe ulisikia?"

 "Mara moja," Mwalimu alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, chumba cha kupanga, mama yangu amefariki mwezi huo. Niliomba, nikajua siko peke yangu. Sijui nikuelezeje. Tangu hapo sijasikia tena."

Fundi alimtazama. "Mara moja?"

"Mara moja tu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nilidhani unasikia kila siku," Fundi alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa nakuona umepiga magoti umetulia, mimi pembeni yako najiona kama gogo. Nikasema huyu kasoma, anajua kusikiliza. Mimi ndiye mjinga."

Msichana alikizima kinasa sauti bila kuambiwa. Mwalimu alitaka kuingia ndani amshike mumewe, lakini sakafu ilijaa vipande vya chuma, naye alikuwa peku. Akabaki mlangoni.

Tasnifu ilipokamilika, msichana alimletea nakala. Mwalimu aliisoma ofisini, mlango umefungwa. Katika tawi lile, waliosoma zaidi walielekea kubaki, na waliosoma kidogo walielekea kuondoka. Maelezo yalikuwa mazuri: wasomi hupewa nafasi na majukumu, wamezoea kukaa na maswali yasiyojibiwa. Kwenye mchoro kulikuwa na vitone, na kwa umri na miaka ya shule alikitambua chake, kisha cha mumewe. Vyote viwili vilikaa palepale vilipotarajiwa. Hesabu hazikuwa na kosa. Alizikagua mara mbili, kwa ukali wa mtu anayetaka kosa lipatikane, kisha akaifunga tasnifu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kufunga na kutoa ushuhuda, alisimama mimbarini. 

"Nimezoea kusema najua," alisema. "Leo nitasema natumaini. Nilisikia mara moja, nami naingojea ya pili. Mume wangu aliingoja miaka kumi na miwili. Hakupotezwa na mtu. Alikataa kusema asilolijua."

 Rais wa tawi aliangalia mikono yake. Mwalimu akashuka, akakaa, na dada wa safu ile ile akauvuta mkoba wake karibu, labda kumpa nafasi, labda siyo.

Nyumbani Fundi alikuwa uani. "Ulisemaje?" aliuliza, naye akamwambia neno kwa neno. 

"Hayo hata mimi ningeweza kuyasema."

"Basi njoo uyaseme."

Akatikisa kichwa. "Kusema naweza. Kukaa mle, watu wote wanajua isipokuwa mimi, ndiyo siwezi tena."

Mwalimu hakumsihi. Alikaa naye uani mpaka jua likahama ukutani. Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akavaa, akaenda peke yake.