Hewa ya Kabatini

Kila Jumamosi alasiri Kafedha aliosha mikono kwa sabuni isiyonukia, akaikausha barabara, ndipo akalifungua kabati la sigara la bosi wake. Si hizi sigara za kuuzwa mojamoja kibandani. Zilikuwa sigara nene za Kuba, zilizosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, na Clifford Lewa alizipenda kuliko mtu yeyote aliyemzaa au aliyezaliwa naye. Kabati lenyewe lilikuwa la mwerezi, refu kama mlango, ghorofani katika nyumba yake ya Shelly Beach.

Kazi ya Kafedha ilikuwa kulinywesha maji. Ndani mlikuwa na trei ya sponji, na sponji alizilowesha kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, kwa kuwa maji ya bomba yana chumvi. Mlangoni palikuwa na kisaa cha kupimia unyevu, na kisaa hicho kilitakiwa kisome sitini na tisa. Kikipanda, sigara huota ukungu na kukataa moto. Kikishuka, hukauka zikapasuka ganda. Sasa hewa ya bahari ni mbichi mno, na hewa ya mashine ya baridi ni kavu mno, kwa hiyo ilikuwa vita kutwa kucha. Sigara moja ikipasuka, Clifford alitukana mpaka askari wa getini akazima redio yake.

Jumamosi hiyo Kafedha alifungua kabati akamkuta mumewe, Ruwa, amekaa rafu ya chini. Ruwa alikuwa amekufa kabla ya Pasaka, akazikwa kwao Kaloleni. Alikuwa amevisogeza visanduku kando kwa adabu, amekunja magoti, yumo ndani ya suti yake ya maziko.

"Funga mlango, mama Kai," akasema. "Unatoa hewa."

Kafedha akafunga. Akamaliza kupanguza meza, kisha akafungua tena, ufa tu.

"Umekuja kutaka nini?"

Aliuliza hivyo kwa sababu kwa kina Ruwa wafu hawaji kutembea, huja na shida zao. Mamaye Ruwa alikuja kulalamika baridi, akanunuliwa kaniki. Babuye alidai tembo la mnazi, akamwagiwa kaburini. Wakishapewa, hurudi wakalala.

"Hewa," Ruwa akasema. "Hii hapa ndiyo yenyewe."

Kafedha alielewa mara moja. Ruwa alikuwa mpakiaji wa chokaa katika ghala la Clifford kule Changamwe, na chokaa ikipata unyevu huganda guniani ikawa mawe. Clifford ni mtu ajuaye kuhifadhi vitu. Aliyaziba madirisha yote ya ghala kwa matofali, na chokaa ikakaa kavu, na watu wakavuta unga. Ruwa alikohoa mpaka roho ikamtoka. Maziko hayajapoa, nafasi yake akapewa Kai, mwanawe wa kwanza, pamoja na koleo lake na tambara lake la kujifunga puani. Kafedha alimwambia kijana aache.

"Nikikaa nyumbani Chaani, hawa wadogo zangu watakula nini, mama?" Kai alijibu.

Tangu siku hiyo Kafedha alikuwa na ombi moja tu duniani: matofali yale yatolewe kabla Kai hajaanza kukohoa.

Clifford alipanda ngazi magharibi inakaribia. Alitazama kisaa kwanza, Ruwa baadaye.

"Huyu amepitia wapi? Miguu ameosha?"

"Sijui, bosi. Nimemkuta humu."

"Kabati la laki ngapi hili! Mnafikiri hapa ni zahanati?" Akainama, akakigonga kisaa kwa kucha. Sindano ilisimama kwenye sitini na tisa kama iliyopigiliwa msumari. Akazima mashine ya baridi, akasubiri, sindano haikutikisika. Akafungua dirisha la chumba, upepo wa bahari ukajaa, na sindano haikutikisika.

Kumbe kifua cha Ruwa kilikuwa kimejaa chokaa pomoni. Unyevu ukizidi, aliunywa. Ukipungua, aliutoa kidogo kidogo kwa pumzi. Akiwa hai aliifanya kazi hiyo bila mtu kuona faida yake.

"Haya, akae," Clifford akasema. "Lakini asiguse kitu."

"Bosi," Kafedha akasema, "marehemu anataka hewa. Wenzake walio ghalani nao wanaitaka. Toa yale matofali."

"Chokaa iharibike?"

"Mwanangu yumo mle."

"Kafedha, wewe na mimi tumebatizwa kanisa moja, kwa hiyo nitakwambia kwa upole. Aliyechoka kazi, geti liko wazi. Mwanao pia ana miguu."

Huo ndio upole wa Clifford Lewa. Ukali wake Mungu atuepushe nao.

Wiki iliyofuata Kenga, nduguye Ruwa, alipanda hadi kabatini na kibuyu cha tembo. Hakumsalimu shemeji yake.

"Mumeo umemficha kwa tajiri," akasema. "Hata kufa humwachi afe kwao?"

"Haya, mchukue. Nani amekuzuia?"

Kenga akamimina tembo sakafuni, akamwita nduguye kwa majina yote ya ukoo. Ruwa akafungua mlango kidogo, akasema kaburini nako ni vumbi tupu, akamwomba Kenga asimwage tena vitu karibu na sigara kwa sababu hunasa harufu. Kenga akaondoka na kibuyu chake. Alipofika getini alimlaani Kafedha, kisha akamwomba nauli ya feri. Kafedha alimrudishia laana yake tu.

Hapo ndipo mama huyu alipopata akili. Jumatatu, Clifford akiwa Changamwe, alimshika Ruwa mkono akamvuta nje.

"Twende nyumbani."

"Nitakohoa, mama Kai."

"Kohoa. Mwanao atakohoa zaidi. Siku chache tu, mpaka huyu mbwa apate akili."

Ruwa hakutaka. Alishika rafu kwa mikono miwili, na ilibidi Kafedha amfungue vidole kimoja kimoja, huku akimtukana na kulia, maana mtu uliyemzika kwa mikono yako kumnyang'anya raha yake si kazi ya kucheka. Walivuka feri pamoja hadi Chaani. Kafedha akamlaza kitandani kwake, na Ruwa akakohoa kutwa. Majirani walibisha hodi kuuliza hali yake, wakaambiwa hajambo kidogo.

Kule Shelly Beach sindano ilipanda ikapita themanini. Clifford akawasha mashine, ikaporomoka hadi hamsini. Mwisho wa juma sigara za rafu ya juu zilikuwa na ukungu wa kijani, na za rafu ya kati zimepasuka. Clifford alikuja mwenyewe Chaani, akaacha gari barabarani, akaruka mitaro ya maji machafu na viatu vyake vya ngozi. Hakuketi.

"Mnanihujumu."

"Toa matofali," Kafedha akasema.

Ruwa naye akajiinua kwa kiwiko. "Toa, Clifford."

"Ruwa, ulikuwa mfanyakazi mzuri. Usianze leo."

"Toa."

Clifford alizitazama kuta za mabati, akatazama kisaa ambacho alikuwa amekibeba mfukoni. Katika chumba kile cha Chaani kilisoma sitini na tisa.

"Kesho mafundi wataingia ghalani," akasema. "Haki ya Mungu."

Kafedha alitaka yeye mwenyewe ayaone matofali yakianguka, na aliyaona, akiwa amesimama nje ya ghala. Kai alimpigia simu kutoka ndani akicheka, akisema wanaona mwangaza, kumbe ndani ni pakubwa hivyo! Jioni hiyo Kafedha alimrudisha mumewe kabatini, akamwekea taulo safi chini ya nyonga. Alilala usingizi ambao hakuulala tangu Pasaka.

Keshoye mafundi walirudi wakaweka vioo. Vioo vinene vilivyogandishwa ukutani, visivyofunguka, na pembeni wakapaka gundi nyeusi ili unyevu usipenye. Chokaa ilikaa kavu kuliko zamani.

Kafedha alimvamia Clifford mezani, akamwagia chai aliyokuwa amemtengenezea.

"Uliapa!"

"Niliapa kutoa matofali. Liko wapi hilo tofali lililobaki? Nionyeshe."

Kafedha alikimbilia ghorofani, akamshika Ruwa begani. "Toka! Twende tena!" Ruwa alikuwa amesikia yote. Alimtazama mkewe kwa aibu, akauvuta mlango kwa ndani, na Kafedha alivuta kutoka nje mpaka kucha mbili zikavunjika. Haukufunguka.

Kipupwe kilipoingia, Kai alianza kukohoa. Alikohoa kwanza asubuhi, baadaye mchana pia. Alikuja Shelly Beach kumletea mamaye viazi, na Clifford, aliyekuwa akivuta sigara barazani, akamsikia kutoka getini. Aliitoa sigara mdomoni. Alisikiliza kwa makini hadi kikohozi kikaisha, kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kulinunua.

Kabla ya mwezi kwisha alikuja seremala kutoka Magongo na mbao za mwerezi. Clifford alikuwa ameagiza sigara nyingine, na kabati moja halikutosha. Seremala alimwita Kai, ambaye Clifford alikuwa amemwagiza kutoka ghalani, asogee, akamwambia avue kofia, asimame wima, mgongo ukutani. Kai alisimama. Seremala akanyoosha futi kutoka kisigino hadi utosini, akaandika kwa penseli kwenye ubao.

Kafedha alishuka ngazi. Alimwendea Clifford karibu kabisa, akamtemea mate usoni, na Clifford akajipangusa kwa leso. Kisha Kafedha akamgeukia seremala, akasimama nyuma yake, akazitazama zile tarakimu.

"Ongeza hapo mabegani," akasema. "Huyu ni mpana kuliko babaye."