Taa Zilizogoma Kuzima

Leseni yangu ya ufundi umeme iliisha nikiwa namuuguza mke wangu, Restuta. Nilipomaliza kumzika nikaenda kuihuisha. Bwana wa dirishani akasema nimechelewa miezi saba, kwa hiyo nirudi darasani wiki moja, kisha nifanye mtihani wa vitendo. Nikamweleza habari ya msiba. Akasema pole, akanipa fomu. Ndivyo walivyo wenye nchi hii. Sheria wanatunga wao, tunaoumia ni sisi wa darasa la saba.

Nilikwenda, maana bila karatasi ile siruhusiwi kufunga hata soketi, na kazi nyingine sijui. Mwalimu wetu alikuwa binti, Shamila, umri wake sawa na wa mwanangu wa mwisho. Kila asubuhi aliniamkia kwanza, halafu ndiyo ananisahihisha. Alipotufundisha kwamba taa za LED zinakula umeme kidogo sana kuliko globu za zamani, nikamwuliza mbona wakubwa maofisini wanaziwasha mchana kutwa. Darasa likacheka. Yeye akasema swali hilo niwapelekee wenyewe, yeye anafundisha swichi tu.

Siku ya mtihani tukapelekwa Mlali, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Niliitambua tangu getini. Umeme wake niliufunga mimi, mwaka tisini na nane. Nikaingia na wenzangu kama mgeni.

Walikuwa wamebadilisha globu zote wakaweka LED, na tangu hapo taa hazizimi sawasawa. Ukizima, inabaki inamulika kidogo kama jicho la paka. Mama Generosa, mpishi, alikuwa haingii tena stoo, anasema mle kuna mtu. Mwenzetu Sostenes, aliyemsimulia kila mtu kwamba huu ni mtihani wake wa tatu, akamshauri amwombe huyo mtu amsaidie kupika. Mama akamjibu kwamba angalau huyo hajafeli mtihani mara mbili.

Mimi nilipewa stoo hiyohiyo, haina dirisha, nusu saa nitafute kosa na kulirekebisha. Nikazima swichi, nikachomoa taa, nikagusa holda ya taa kwa testa. Testa ikawaka.

"Umeona nini, baba?" Shamila akauliza.

"Swichi inakata waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Taa ikizimwa, moto bado uko kwenye holda. Globu ya zamani haishtuki na umeme mdogo unaovuja. Hii LED inashtuka."

"Na anayebadilisha taa?"

"Anaweza kufa."

Sostenes akasema aliyefunga nyumba hii alikuwa kanjanja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu: kamati ya ujenzi ilinikimbiza nimalize kabla askofu hajafika. Na ni kweli walinikimbiza. Lakini waya haukushikwa na kamati. Nikajua pia kwamba nikisema, leseni inaweza kuishia palepale.

"Nilifunga mimi," nikasema.

Sostenes akaangalia viatu vyake. Shamila akaandika kitu, akaandika tena.

"Nyumba nzima iko hivi?"

"Vyumba tisa."

"Na kwingine?"

Hilo ndilo lililonichoma. Nikamwambia miaka ile nilikuwa nafunga hivyohivyo, kwingine sikumbuki, mpaka nikapime.

Akatazama saa. Akasema kosa nimelipata, nimebakiza dakika kumi na mbili za kulirekebisha. "Kazima meinswichi kwanza."

Nikazima. Nikahamisha waya, nikafunga, nikarudisha umeme. Taa ikawaka. Nikabonyeza, stoo ikawa giza tupu. Mama Generosa akaingia, akasimama humo kidogo, akasema sasa hili ni giza la kawaida. Vile vyumba vinane vilivyobaki tulivimaliza wote pamoja kabla ya kuondoka.

Leseni ilitoka baada ya wiki tatu, jina wamelikosea, nami ndiye niliyeambiwa nirudi. Sikurudi siku ile. Nilipanda baiskeli nikaenda Msalato, kwa Mzee Jamaldini, niliyemfungia umeme mwaka ule ule wa tisini na nane. Nikamwambia nimekuja kupima swichi zake. Akauliza nimetumwa na ofisi gani.

"Sijatumwa," nikamwambia. "Hao hawajui hata kama upo. Nimekuja mwenyewe."

Akaingia ndani kuniletea kiti cha kupandia.