Duara la Tisini na Moja

Ngowa, mbeba makreti ya samaki pale Liwatoni, hajapata kulala kitandani kwa homa, na sifa hiyo ameiimba mpaka wenzake wamechoka kuisikia. Ndiyo maana alipotoa damu hospitalini akaambiwa asubiri ipimwe, alikasirika.

"Daktari, dadangu Caroline amejifungua asubuhi hii, na damu yamtoka. Kundi letu la damu halipatikani. Mfuko wangu umejaa, u tayari. Wangoja nini?"

"Nangoja macho yangu, kaka," Mejumaa akajibu. Hakuwa daktari, alikuwa mpimaji wa damu, ila mwenye koti jeupe huitwa daktari, atake asitake.

Vipimo vingine vilikuwa salama. Kilichobaki ni malaria. Tone la damu ya Ngowa lilikuwa kwenye kioo, chini ya hadubini, na kila ukikisogeza kioo kidogo unaona duara jipya. Kanuni ya maabara ile ni moja: huna ruhusa ya kusema "hakuna" kabla ya kutazama maduara mia.

Kwenye duara la hamsini simu ya wodini ikalia. Bado? Mejumaa, haki ya Mungu, alishawishika kuishia hapo. Mtu mwenyewe kifua kama mlango, nani amdhanie? Lakini haraka haraka haina baraka. Akasogeza kioo.

Duara la tisini na moja likamkatiza pumzi. Kipete chembamba, na nukta yake nyekundu: kijidudu cha malaria. Kimoja tu.

"Subhanallah," akanong'ona.

Akapiga simu. Daktari wa wodi akaamua pale pale: damu nyingine ya kundi hilo haipo, basi Caroline ataongezewa hiyo hiyo, na dawa ya malaria aanzishiwe sambamba nayo.

Ngowa alipoinamia hadubini, alivua kofia bila kuambiwa. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kidude hiki chaishi ndani yangu, nami nalala usingizi?"

"Wewe umekizoea. Dadako aliyeishiwa nguvu, tusingejua, kingemmaliza. Nawe una vidonge vyako vya kumeza."

Ngowa akakinga kiganja, akavimeza pale pale.

Adhuhuri ikaja habari kwamba Caroline amefumbua macho, anamwulizia mtoto. Mejumaa alishukuru, akarudi kwenye kile kioo na kutazama maduara tisa yaliyosalia. Alikumbuka alipotaka kuishia: duara la hamsini.